Tungamo, uzito, g, G au densiti linganifu: ipi ni ipi, na utumie ipi wapi

Mtu akitaja "graviti" huenda anazungumzia kimojawapo cha vitu sita, na kila kimoja kina kizio chake, kifaa chake na makosa yake. Mwanafunzi huandika kilogramu pale palipotakiwa nyutoni. Fundi huchagua waya wa winchi kwa kuangalia tungamo la mzigo peke yake. Msimamizi wa ghala huchovya haidromita, kifaa kinachoelea cha kupima densiti ya kimiminika, kwenye mafuta yenye joto, kisha hesabu za mapokezi zinakataa kulingana na za utoaji. Mzizi wa makosa haya ni mmoja: sifa ya kitu, sifa ya mahali na sifa ya maada zimechanganywa.

Maswali mawili yanatosha kuzitenganisha. Kwanza, nikikihamisha kitu hiki kwenda mahali pengine, namba itabadilika? Pili, nikikikata katikati, namba itabadilika?

| Kiasi | Ni sifa ya | Kizio | Ukihamisha | Ukikata katikati |
|---|---|---|---|---|
| Tungamo (m) | kitu | kg | halibadiliki | hubaki nusu |
| Uzito (W) | kitu na mahali | N | hubadilika | hubaki nusu |
| Mchapuko wa graviti (g) | mahali | m/s² | hubadilika | haubadiliki |
| Konstanti ya graviti (G) | ulimwengu mzima | m³ kg⁻¹ s⁻² | haibadiliki | haibadiliki |
| Densiti linganifu | maada na jotoridi lake | haina | haibadiliki | haibadiliki |
| Kitovu cha graviti | mpangilio wa mzigo | m, kutoka alama uliyochagua | hakibadiliki | huhama |

Ipo na maana ya saba, ile ya uzito wa jambo: kosa zito, hali nzito. Hiyo haina kizio wala mizani, kwa hiyo tunaipita.

Tungamo au uzito?

Tungamo, ambalo wengine huliita masi, ni wingi wa maada iliyomo ndani ya kitu. Uzito ni kani ambayo dunia, mwezi au sayari fulani inakivuta nayo kitu hicho. Uhusiano wao ni W = m × g, basi. Mtu wa kilogramu 70 ana uzito wa nyutoni 687 hivi duniani, 260 kwenye Mirihi na 113 mwezini. Kilogramu zake ni 70 kote huko.

Kwenye karatasi tofauti hiyo ni rahisi. Shida huanza kwenye mizani, kwa sababu mizani za aina tofauti hupima vitu tofauti huku zote zikionyesha kilogramu.

Mizani ya sahani mbili hulinganisha. Upande mmoja mzigo, upande wa pili mawe ya mizani, na g inavuta pande zote mbili sawasawa, hivyo inajifuta yenyewe. Ipeleke mwezini, itakupa jibu lilelile. Inapima tungamo.

Mizani ya springi hupima kani. Springi inavutika kadiri ya uzito, na aliyeitengeneza amechora alama za kilogramu akichukulia g fulani. Mwezini mtu wetu wa kilogramu 70 angesoma 11.6.

Mizani ya kidijitali ndiyo inayodanganya wengi, kwa sababu inaonekana ya kisasa na ina desimali nyingi. Ndani yake kuna kipande cha chuma kinachojipinda kidogo kikilemewa, na vihisio vya umeme vinavyosoma mpindo huo. Kwa hiyo nayo hupima kani, kisha saketi inagawa kwa g iliyohifadhiwa kiwandani. Ikiwa ilirekebishwa karibu na ncha ya dunia, ambako g ni 9.832, halafu ikahamishiwa ikweta, ambako ni 9.780, kitu cha kilogramu 10 kitasomeka 9.947. Gramu 53 zimepotea bila mizani kuharibika. Kwenye mfuko wa saruji si neno. Kwenye dhahabu au dawa ni hasara.

Dawa yake ni kuirekebisha pale inapotumika, kwa jiwe la mizani lenye cheti. Iweke juu ya meza isiyotikisika, isawazishe kwa kutazama kiputo cha pimamaji chake, iwashe na uiache ipate joto lake la kazi kama maelekezo yake yanavyosema, irudishe sifuri ikiwa tupu, weka jiwe lenye tungamo linalokaribia kikomo cha juu cha mizani, kisha thibitisha kwa jiwe la katikati. Kurekebisha kwa jiwe dogo huacha makosa makubwa upande wa juu, maana kosa dogo la jiwe hilo huzidishwa. Feni na upepo wa dirishani navyo huisogeza namba ya mwisho. Ikichezacheza, funga dirisha kabla hujailaumu mizani.

Kwa kazi za maabara kuna jambo jingine. Hewa nayo hubeba vitu, kama maji yanavyobeba. Lita moja ya hewa ina gramu 1.2 hivi, na lita moja ya maji inasukuma pembeni lita moja ya hewa. Jiwe la chuma la kilogramu 1 linasukuma kama desilita moja na robo tu. Ndiyo maana kilogramu 1 ya maji, kwenye mizani iliyorekebishwa kwa chuma, husomeka pungufu ya gramu moja hivi. Ukipima vimiminika kwa usahihi wa sehemu moja kwa elfu au zaidi, sahihisha hilo. Chini ya hapo achana nalo.

Uchaguzi wenyewe sasa. Unanunua, unauza, unachanganya kemikali, unahesabu nishati ya mwendo: tumia tungamo. Unachagua kamba, boriti, ndoano, sakafu, boliti ya kuning'iniza kitu: tumia uzito, na uuandike kwa nyutoni. Hapa kuna mtego wa kreni. Mzigo wa kilogramu 500 ukining'inia umetulia unaivuta kamba kwa nyutoni 4,905. Ukianza kuinuliwa kwa mchapuko wa 2 m/s², kamba inavutwa kwa 500 × (9.81 + 2), yaani nyutoni 5,905. Asilimia 20 zimeongezeka na mzigo haujabadilika hata gramu moja. Kamba nyingi hukatika wakati wa kuanza kunyanyua au wa kusimamisha ghafla wakati wa kushusha, na aliyehesabu kwa kilogramu peke yake haoni kilichotokea.

Usichanganye pia kukosa uzito na kukosa graviti. Kituo cha anga cha kimataifa kiko kimo cha kilomita 400 hivi, na huko g bado ni 8.7 m/s², karibu asilimia 89 ya ile ya ardhini. Wanaanga huelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja, wakiizunguka dunia bila kuifikia. Mizani ya bafuni haiwasomi, kwa hiyo tungamo lao hupimwa kwa springi inayowavuta au kuwatikisa: mwenye tungamo kubwa hukaidi zaidi mabadiliko ya mwendo. Hiyo ndiyo tabia ya tungamo ambayo haihitaji graviti yoyote.

g ipi: 10, 9.8, 9.81 au 9.80665?

Hili ni swali la kila siku, na wengi hulijibu kwa kuchagua namba yenye desimali nyingi. Si lazima iwe sahihi zaidi.

Namba 9.80665 iliwekwa kwa makubaliano mwaka 1901, ili viwanda na maabara viwe na marejeo mamoja. Haikuahidi kuwa g ya mahali ulipo. Ukiwa ikweta usawa wa bahari, g halisi ni 9.780, kwa hiyo desimali tatu za mwisho za 9.80665 hazina maana yoyote kwako.

Mambo matatu huibadilisha g. La kwanza ni dunia kujizungusha na kubonyea: nusu kipenyo cha ikweta ni kilomita 6,378 na cha ncha ni 6,357, halafu mzunguko wenyewe unapunguza 0.034 m/s² pale ikweta. La pili ni kimo: kila mita 1,000 ukipanda, g hupungua kwa karibu 0.003. La tatu ni miamba iliyo chini yako. Mwamba mzito huiongeza kidogo sana, pango huipunguza, na wachimbaji hutafuta madini na mafuta kwa kusoma tofauti hizo. Wao hutumia kizio kiitwacho miligali, ambacho ni sehemu moja ya laki ya mita kwa sekunde mraba.

Kwa hiyo:

Hesabu ya kichwani au makadirio ya haraka, tumia 10. Unakosea kwa asilimia 2 hivi. Mtihani, ujenzi wa kawaida na mashine, tumia 9.81, au 9.8 kama umepewa hiyo, kwa sababu popote pale duniani usawa wa bahari hutakosea zaidi ya asilimia 0.3 hivi. Kurekebisha vipimo vya shinikizo na vya kani kwa usahihi wa juu, tafuta g ya mahali hapo. Namba 9.80665 itumie pale tu kiwango rasmi kinapoitaja, kwa mfano kugeuza kilogramu-kani kuwa nyutoni.

Unaweza kuipima mwenyewe kwa uzi na kitufe cha chuma. Funga uzi imara juu, pima L kutoka pale unapoanzia kuning'inia hadi katikati ya kitufe, si hadi kwenye fundo. Kivute pembeni kidogo, kisizidi nyuzi 10, kiachie bila kukisukuma, hesabu mizunguko 50 kamili (kwenda na kurudi ni mzunguko mmoja), gawa muda kwa 50 upate T, kisha g = 4π²L/T². Kwa L ya mita 1, mizunguko 50 huchukua sekunde 100.3 hivi.

Makosa yake yanajulikana. Kukosea L kwa sentimita 1 kunaharibu g kwa asilimia 1. Kuanza kuhesabu kwa "moja" badala ya "sifuri" kunakupa mizunguko 49 ukidhani ni 50, na g inapanda kwa asilimia 4, ukipata 10.2, anza kutafuta kosa hapo. Kuvuta hadi nyuzi 30 kunarefusha kila mzunguko kwa asilimia 1.7, na g inashuka kwa zaidi ya asilimia 3. Kupima mzunguko mmoja badala ya 50 ndiyo mbaya kuliko yote, kwa kuwa kuchelewa kwa kidole kwenye saa kunalemea mzunguko huo peke yake.

Kifaa hikihiki ndicho kilichofichua kwanza kwamba g haifanani kila mahali. Mwaka 1672 mnajimu Mfaransa Jean Richer alifika Cayenne, karibu na ikweta, na saa yake ya bembea iliyokwenda sawasawa Paris ikawa inachelewa dakika 2 na nusu kila siku. Ilibidi afupishe bembea.

g ndogo na G kubwa

Herufi moja, vitu viwili kabisa. g ni ya mahali; G ni ya ulimwengu mzima, na ndiyo inayosema mvuto una nguvu kiasi gani kati ya matungamo mawili yoyote: F = G m₁m₂/r². Thamani yake ni 6.674 × 10⁻¹¹, ndogo mno. Watu wawili wa kilogramu 70 waliosimama mita 1 mmoja kutoka kwa mwenzake wanavutana kwa 0.33 ya sehemu ya milioni ya nyutoni, yaani nyutoni 0.00000033, sawa na uzito wa vumbi la mikrogramu 33. Tunaisikia dunia kwa sababu tu tungamo lake ni kubwa, kilogramu 5.97 × 10²⁴.

Zinaunganishwa na g = GM/R², ambapo M ni tungamo la dunia na R umbali kutoka kiini chake. Henry Cavendish alipochapisha kipimo chake mwaka 1798, akitumia mipira ya risasi ya kilogramu 158 iliyovuta mipira midogo kwenye ufito ulioning'inizwa kwa waya mwembamba, lengo lake lilikuwa densiti ya dunia. Alipata mara 5.48 ya maji. Leo inajulikana kuwa 5.51.

Ushauri mmoja kwa wanaohesabu mizingo ya setilaiti: msizidishe G kwa M. G bado inajulikana kwa tarakimu nne au tano tu, wakati zao la GM kwa dunia linajulikana kwa tarakimu tisa na zaidi, 3.986004418 × 10¹⁴ m³/s², kwa kuwa linapatikana moja kwa moja kutokana na mwendo wa setilaiti zenyewe. Ukizizidisha mwenyewe unatupa usahihi uliokwisha kupatikana.

Densiti linganifu: kizito si lazima kiwe kinene

Hapa ndipo penye matumizi mengi ya mikono, na penye mkanganyo wa lugha unaoharibu kazi. Tunasema mafuta mazito tukimaanisha hayamiminiki upesi. Hiyo ni mnato, haihusiani na graviti. Mafuta ya injini ni "mazito" kuliko maji kwa kumwagika, lakini yanaelea juu ya maji, kwa sababu densiti yake ni ndogo. Zebaki ni kinyume: inateleza kama maji lakini ni nzito kuliko maji mara 13.6. Ukitaka kujua kama kimiminika kitapita kwenye bomba jembamba, uliza mnato. Ukitaka kujua kama kitaelea, kitazama, au kina mchanganyiko gani, uliza densiti linganifu.

Densiti linganifu ni densiti ya kitu, yaani tungamo lake kwa kila kizio cha ujazo, ikigawanywa kwa densiti ya maji. Haina kizio. Maji ni 1. Maji ya bahari 1.025 hivi, ethanoli 0.79; dizeli kati ya 0.82 na 0.86, dhahabu 19.3. Uzuri wake ni kwamba g haimo kabisa, kwa kuwa ni uwiano. Mizani yako inaweza kuwa imerekebishwa kwa g isiyo ya hapo ulipo na bado ukapata jibu sahihi, mradi unatumia mizani ileile mara zote mbili.

Kwa jiwe au kipande cha madini: lipime hewani, kisha lining'inize kwa uzi mwembamba ndani ya maji na lipime tena bila kugusa chombo. Gawa la kwanza kwa tofauti ya yote mawili. Jiwe lililosoma gramu 52.0 hewani na 32.4 majini linakupa 52.0 ÷ 19.6 = 2.65, ambayo ni kwatzi. Pairiti, inayong'aa na kuwadanganya watu kuwa ni dhahabu, hutoa 5 hivi, mbali sana na 19.3. Viputo vya hewa vilivyoganda kwenye jiwe hukuletea namba ndogo kuliko ukweli. Lipake maji kwa brashi kwanza, au weka tone la sabuni. Jiwe lenye vitundu linakunywa maji na kipimo cha majini kinaendelea kupanda: kama namba haitulii, jiwe hilo halifai kwa njia hii mpaka lifunikwe kwa nta. Jiwe dogo kuliko gramu 2 linahitaji mizani ya kusoma miligramu, la sivyo tofauti inazama ndani ya kosa la mizani.

Kwa vimiminika, haidromita. Tumia chupa ndefu, haidromita isiguse ukuta, izungushe kwa vidole ili viputo vitoke, macho yako yawe usawa wa kimiminika, soma pale uso ulipo bapa na si pale unapopanda kwenye shina, isipokuwa maelekezo ya kifaa yaseme vingine. Halafu pima jotoridi, kila mara. Hapa ndipo ghala linapopoteza. Mafuta yakipata joto yanatanuka na densiti inashuka. Mapipa yaleyale yanaonekana mengi zaidi mchana kuliko alfajiri. Ndiyo sababu biashara ya mafuta ghafi imefunga vipimo vyake kwenye nyuzi 15 au 15.6 za Selsiasi.

Wafanyabiashara hao pia wana kipimo chao, digrii za API (Taasisi ya Petroli ya Marekani), kinachokwenda kinyumenyume: 141.5 ÷ densiti linganifu − 131.5. Maji ni digrii 10. Mafuta ghafi ya densiti 0.85 ni digrii 35. Namba ikiwa kubwa mafuta ni mepesi, na kwa kawaida ni ya thamani zaidi kwa kuwa hutoa petroli na dizeli nyingi kirahisi. Anayesoma jedwali la API kama jedwali la densiti atachagua kinyume.

Kwa betri za asidi na risasi, haidromita inasema kilichomo vizuri kuliko mita ya volti peke yake. Kwa betri nyingi za gari, kwenye nyuzi 27 za Selsiasi, 1.265 ni imejaa, 1.190 ni nusu, na 1.120 ni imekwisha. Kwa kila nyuzi 5.5 juu ya 27 ongeza 0.004 kwenye usomaji wako, na kwa kila 5.5 chini yake punguza 0.004. Usipime mara baada ya kuongeza maji yaliyokenekwa, kwa maana yanakaa juu na unasoma maji. Chaji kwanza yachanganyike. Soma seli zote sita. Seli moja ikiwa chini ya wenzake kwa 0.050 au zaidi baada ya kuchaji kikamilifu, seli hiyo ina hitilafu, na kuongeza asidi hakutaiponya: kutaficha tu ugonjwa na kula sahani. Vaa miwani na glavu, na weka maji mengi karibu.

Kitovu cha graviti au kitovu cha tungamo?

Kitovu cha graviti ni nukta ambapo uzito wote wa kitu ni kama umekusanyika; kitovu cha tungamo ni hivyo hivyo kwa tungamo lake. Kwa kitu chochote unachoweza kukibeba kwa lori, ni nukta ileile. Hutofautiana pale kitu kinapokuwa kirefu kiasi kwamba g ya juu si sawa na ya chini, na hilo ni suala la wana anga. Usipoteze muda nalo.

Penye kazi ni kujua kilipo. Kwa bamba bapa, litoboe ukingoni, litundike, tundika timazi kwenye msumari uleule, chora mstari wa uzi. Rudia kwa tundu jingine mbali na la kwanza. Mistari inapokatana ndipo kitovu kilipo, na kwa pete huwa nje ya chuma chenyewe. Kwa mzigo wa vipande, zidisha kila tungamo kwa umbali wake kutoka alama moja, jumlisha, gawa kwa tungamo lote.

Lori lenye upana wa mita 1.8 kati ya matairi na kitovu kwenye kimo cha mita 1.2 hupinduka upande likiinama nyuzi 37 hivi. Panga mzigo uleule juu zaidi, kitovu kipande hadi mita 1.8, na pembe hiyo inashuka hadi 27. Hizo ni namba za gari tuli lisilo na springi. Barabarani kona na springi huzipunguza sana. Tangi lililojaa nusu ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa kimiminika hukimbilia upande wa chini na kitovu kinahama nacho wakati kinapopaswa kukaa palepale.

Maji ya mserereko au pampu?

Graviti ikifanya kazi ya pampu, kinacholipa ni kimo peke yake. Shinikizo ni densiti × g × kimo: mita 10 za maji ni kilopaskali 98, karibu bari 1. Tangi kwenye mnara wa mita 6 hutoa bari 0.59 tu, liwe la lita 500 au 10,000. Anayenunua tangi kubwa zaidi ili bomba la mvua litoke kwa nguvu amenunua akiba, hakununua shinikizo. Bomba jembamba refu litakula sehemu ya shinikizo hilo kwa msuguano, na kila kilele kwenye njia ya bomba hunasa hewa inayokaba maji. Weka vali ya kutolea hewa pale juu. Mserereko uchague pale chanzo kiko juu ya mtumiaji kwa mita za kutosha baada ya kutoa msuguano. Pasipo hivyo, pampu.

Newton au Einstein?

Kanuni ya Newton, iliyochapishwa 1687, inasema mvutano ni kani inayopungua kwa mraba wa umbali. Nadharia ya Einstein ya 1915 inasema tungamo na nishati hupinda nafasi na wakati, na vitu hufuata mpindo huo. Ya pili ni sahihi zaidi, lakini si kila kazi inaihitaji. Daraja, kujaa na kupwa kwa maji, mzingo wa setilaiti ya kawaida, hata safari ya mwezini: Newton anatosha na hesabu zake ni fupi mara nyingi.

Ili kuchagua, hesabu GM/(rc²), ambapo M ni tungamo linalovuta, r umbali kutoka kiini chake na c ni kasi ya mwanga. Kwenye uso wa dunia ni 0.7 ya sehemu ya bilioni, yaani 7 × 10⁻¹⁰. Kwenye uso wa jua ni 2 × 10⁻⁶. Kwenye nyota ya nyutroni ni karibu 0.2. Namba hiyo ikikaribia moja, Newton amekwisha. Ikiwa ndogo, tazama unataka usahihi gani. Mzingo wa sayari ya Zebaki husogea sekunde za tao 43 (nyuzi moja ina 3,600) kwa karne zaidi ya anavyotabiri Newton, na Einstein ndiye aliyezifafanua.

Usidanganywe na udogo wa namba kama kazi yako ni ya muda. Saa za setilaiti za GPS hukimbia mikrosekunde 45 kwa siku kwa sababu graviti ya huko juu ni hafifu, na huchelewa mikrosekunde 7 kwa sababu ya kasi yao. Zinazobaki ni 38, na mwanga katika muda huo husafiri zaidi ya kilomita 11. Kwa hiyo saa hizo hupunguzwa mwendo kabla ya kurushwa: badala ya megahezi 10.23 kamili, huwekwa kwenye 10.22999999543.